Kidole cha Mama Warda

Baltimore, 14 Septemba 2009

Bi Taqiyya,

Salamu nyingi. Mimi ni Noreen Dudek, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu. Chuo chetu kina ofisi ndogo ambamo sisi wanafunzi, chini ya Profesa Stallworth, tunawatetea watu wasio na wakili. Mmoja wao ni mdogo wako Murshid. Mwezi uliopita nilikwenda na Profesa kwenye gereza la jeshi huko kisiwani anakoshikiliwa, tukakaa naye asubuhi nzima. Ni mzima. Amekonda na jino linamsumbua, lakini utani haujamwisha. Tulimpelekea tende na kahawa, akasema kahawa yetu ni maji yaliyooshewa vikombe vya kahawa.

Serikali yetu inamshutumu kwa mambo ambayo siwezi kukutajia. Yako kwenye faili ninalolisoma katika chumba kisicho na dirisha, karibu na Washington. Simu naiacha mlangoni. Hata ninachokiandika humo kwa mkono wangu hakitoki. Ili niruhusiwe kuingia, majirani zangu waliulizwa kama nalewa na kama nalipa madeni. Najua inakera kuombwa msaada na mtu asiyesema anachotafuta. Mimi mwenyewe nimechoka nayo kabla sijaanza.

Ninachoweza kuuliza ni hiki: Murshid alikuwa wapi Septemba na Oktoba ya mwaka 2001? Mwenyewe anasema alikuwa nyumbani kwenu Ibb na mama yenu. Tunahitaji hati ya kiapo ya mama. Kama haandiki, aseme, wewe uandike, aweke kidole gumba mbele ya mashahidi wawili.

Tulipokuwa tunaondoka, Murshid aliuliza swali moja tu: "Mama anasemaje?" Nimjibu nini?

Noreen Dudek


Ibb, 5 Oktoba 2009

Noreen,

Amani iwe juu yako. Barua yako imefika. Endelea kuandika kwa karatasi, maana mkahawa wa intaneti wa hapa una macho mengi kuliko viti.

Usinione mkavu. Miaka minne iliyopita alikuja mtu na suti yake, akasema ni wakili wa Murshid. Akanywa chai yetu, akapiga picha nyumba yetu, hatukumwona tena. Kwa hiyo kabla sijakukaribisha nitakuuliza kama ambavyo Mama angekuuliza: wewe ni binti wa nani? Mama yako anajua kazi unayofanya?

Unaniomba ufunguo na kufuli hutaki kunionyesha. Haya. Mwaka ule mimi nilikuwa Hodeida kwa mume wangu, nikija nyumbani sikukuu tu. Baba alikwisha kufa. Nyumba yetu iko juu mlimani, jirani wa karibu humwoni ila siku ya soko. Waliokuwa ndani ni Mama na Murshid, basi. Mimi nilirudi kuishi hapa baada ya Murshid kukamatwa.

Mama hajambo, anakusalimu. Mwambie Murshid mama yake anasema: nuru ya macho yangu, nakuombea kila sala.

Taqiyya Ghalib, mwalimu


Kisiwani, Oktoba 2009
(imetoka kwa wakaguzi 12 Novemba)

Noreen, wakili wangu mdogo,

Nimepata salamu za Mama. "Nuru ya macho yangu." Haya, nimesikia.

Jamaa wa chumba cha pili anataka kujua umri wako. Nimemwambia una miaka hamsini na masharubu, aache kunicheka kwamba natetewa na mtoto wa shule. Ukija tena usinivunjie heshima, tembea kama mtu mwenye baridi yabisi.

Swali lako nimelijibu tangu siku ya kwanza, kwa kila mtu aliyewahi kuniuliza, hata walioniuliza kwa [mstari mmoja na nusu umefutwa kwa wino mweusi]. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nachimba birika la kuhifadhi maji ya mvua nyuma ya nyumba. Mwambie Taqiyya aandike maneno ya Mama kama alivyokuwa akiyasema, neno kwa neno. Asiyaoshe.

Murshid


Baltimore, 20 Novemba 2009

Bi Taqiyya,

Mimi ni binti wa Walt Dudek, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Mama yangu anajua. Shangazi zangu amewaambia natetea wezi wa magari. Anasema wezi wa magari wanaelezeka mezani.

Barua ya Murshid ilikaa kwa wakaguzi hadi juzi. Anakuomba uandike maneno ya Mama kama alivyokuwa akiyasema, neno kwa neno, usiyaoshe. Sijui ana maana gani, wewe utamwelewa.

Tafadhali usichelewe. Jaji ametupa hadi katikati ya Januari. Nimeshaomba kuongezewa muda mara moja, akaniangalia kama mtu aliyepaka tope kwenye zulia lake.

Noreen


Ibb, 10 Desemba 2009

Mdogo wangu Noreen,

Mwambie mama yako kwamba wezi wa magari wana bahati.

Hati nimeambatisha. Ninakunakilia hapa:

"Mimi, Warda, mjane wa Ghalib, naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mwanangu mpenzi na mtiifu Murshid alikuwa pamoja nami nyumbani tangu kabla ya mwezi wa Rajabu hadi Ramadhani ya mwaka 2001 ilipoingia. Alinihudumia kwa upole, akisali sala zake zote, wala hakuniacha hata siku moja."

Kidole gumba kiko chini. Mashahidi ni mume wangu Hizam na Mzee Qaid, mjumbe wa mtaa. Mzee Qaid alikuja baada ya adhuhuri na furushi lake la miraa, akaweka sahihi huku analia.

Taqiyya


Baltimore, 22 Januari 2010

Dada Taqiyya,

Hati imeingia mahakamani. Profesa aliisoma mara mbili akasema, "Hii ndiyo nguzo yetu." Kwake yeye hiyo ni ngoma na vigelegele.

Kuna jambo jipya. Mawakili wa serikali wanataka kumuuliza Mama maswali kwa simu, na jaji amekubali. Ni tarehe 9 Machi, saa kumi na moja jioni kwenu. Mkalimani atakuwepo. Hawatamfokea, Profesa hatakubali. Mama aseme tu yale aliyoyasema kwenye hati. Niletee namba ya simu itakayopatikana siku hiyo.

Nakuomba umweleze Mama kwa upole kwamba kila kitu sasa kimesimama juu ya sauti yake. Hatuna shahidi mwingine.

Noreen


Ibb, 2 Februari 2010

Mdogo wangu Noreen,

Mama ana mafua mabaya. Sauti imemkauka kabisa. Je, hati haitoshi? Karatasi haiugui.

Taqiyya


Baltimore, 16 Februari 2010

Bi Taqiyya,

Nimesoma barua yako. Nimesoma na faksi yako, na ujumbe uliomwachia mkalimani wetu. Kwanza Mama ana mafua. Kisha anaumwa jino. Sasa amekwenda umra! Mkalimani anasema alipigiwa simu na mtu aliyejiita mume wa dada yako, akamwambia kwamba Mama hata ngazi za nyumba zinamshinda. Dada gani tena? Murshid alituambia mko wawili tu, yeye na wewe.

Wiki hii nimebishana na karani wa mahakama, na askari wa kile chumba kisicho na dirisha aliyeninyang'anya kalamu kwa sababu ilikuwa na saa, na Profesa anayeniuliza kila asubuhi kama namba ya simu imefika. Nimewavumilia wote. Sikutegemea kubishana na wewe. Kuna mtu amekaa peke yake miaka minane, na kinachomzuia kusikilizwa leo ni kwamba mama yake hataki kushika simu.

Niambie ukweli basi. Mama yako anampenda mwanawe au hampendi?

Noreen Dudek


Ibb, 25 Februari 2010

Noreen,

Mama yangu yuko kaburini tangu Ramadhani ya mwaka 2007. Alikufa akimtaja Murshid. Sasa umejua, na Mungu akusamehe kwa swali lako, maana mimi bado sijaweza.

Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa mbali. Anasubiriwa. Akifika mlangoni, wanaume wawili wanamshika mikono, ndipo anaambiwa, ili akianguka asianguke peke yake. Murshid atashikwa na nani huko? Mtaa mzima unajua na mtaa mzima umenyamaza. Msalaba Mwekundu walipotuunganisha naye kwa simu, nilisema Mama amelala. Mzee Qaid alimshusha Mama kaburini kwa mikono yake, na ndiye huyo aliyetia sahihi kwamba yu hai mbele yake. Ndiyo maana alilia. Dada uliyemsikia hayupo, aliyepiga simu ni mume wangu, anasema uongo vibaya, Mungu amlipe kwa kujaribu.

Usiniite mwongo. Mama aliyasema maneno yale mbele yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niliyapamba kidogo tu, Wamarekani wamwone Murshid ni mtoto wa watu. Maneno ni yake, kidole ni changu. Na kidole changu nacho kilitoka tumboni mwake.

Fanyeni mtakalo na hati yenu. Nakuomba moja tu: Murshid asiambiwe.

Taqiyya


Baltimore, 6 Machi 2010

Dada Taqiyya,

Pole. Pole sana kwa Mama, na nakuomba radhi kwa nilichouliza. Barua yako ilipofika nilikisoma tena, nikaona aibu ya kukaa na watu.

Lakini nina hasira pia na siwezi kuzificha. Kesi za namna hii hazina masharti ya kesi nyingine. Jaji anaruhusiwa kupokea hata maneno ya kuambiwa. Ungeandika, "Mimi Taqiyya nilimsikia mama yangu akisema hivi kabla hajafa," angeyapokea, akayapima. Ukweli ulikuwa unatosha! Na mimi sikukwambia, kwa sababu haikunijia kwamba kuna haja ya kukwambia. Nilikuwa nimeshughulika na mashahidi wawili na wino wa kidole.

Profesa ameiondoa hati leo. Ilibidi, angeweza kufungiwa uwakili. Alimwandikia jaji kwamba aliyeapa alikwisha kufa. Mawakili wa serikali hawakuficha furaha yao.

Na Murshid lazima aambiwe. Nakala ya barua ya Profesa itamfikia, atapewa na askari kupitia tundu la mlango. Tumeomba tuende wenyewe tumwambie ana kwa ana, wamesema hakuna nafasi hadi Juni. Kwa hiyo ama ataipata habari kwa askari, au kwangu. Nitamwandikia mimi. Sijui kumshika mtu mikono kwa karatasi, ila nitajaribu.

Andika upya. Jina lako, sahihi yako, ulichosikia kwa masikio yako. Usipambe.

Noreen


Baltimore, 8 Machi 2010

Kaka Murshid,

Kaa chini kabla ya kusoma. Kama jamaa wa chumba cha pili yupo, mwambie asogee karibu na ukuta, aongee na wewe ukimaliza.

Mama yako amefariki. Ni tangu Ramadhani ya mwaka 2007. Dada yako hakutaka uanguke peke yako, ndiyo maana hukuambiwa. Hati tuliyomwonyesha jaji haikuwa na kidole cha Mama, ilikuwa na cha Taqiyya. Tumeiondoa.

Ningependa mtu mwingine awe ndiye anayekuandikia haya. Mungu amrehemu Mama Warda.

Noreen


Ibb, 28 Machi 2010

Noreen,

Nimeandika. Safari hii hakuna marashi. Ukisoma utaelewa kwa nini mara ya kwanza niliona haya.

"Mimi Taqiyya binti Ghalib nilimsikia mama yangu marehemu akisema haya nyuma ya nyumba yetu, ameshika ndoo, na si mara moja: 'Tangu mtama ulipoiva mpaka Ramadhani ikabisha hodi, punda wa Ghalib alikuwa hapa hapa akinichimbia birika. Nilimwambia weka chokaa mara mbili, akaweka mara moja. Tazama sasa, halishiki maji hata ya kutawadha!'"

Sasa mahakama ya Marekani nzima itajua mama yangu alikuwa anamwita mwanawe punda. Umeridhika?

Taqiyya


Baltimore, 12 Aprili 2010

Dada Taqiyya,

Siwezi kukwambia kwa nini, nilipofika kwenye neno "punda", niliinuka kitini nikaacha chai yangu ipoe. Nimelisoma neno hilo mahali pengine. Pamoja na chokaa. Mtu fulani aliwaambia waliokuwa wanamhoji, zamani sana, kabla hajawa na wakili, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba birika lina maana. Nikiendelea mstari mmoja zaidi nitafungwa mimi.

Hii ndiyo iliyotakiwa tangu mwanzo. Ningeweza kupiga kichwa ukutani. Tumeiwasilisha leo asubuhi.

Noreen


Kisiwani, Machi 2010
(imetoka kwa wakaguzi 3 Juni)

Noreen, binti yangu,

Nilikaa chini kama ulivyoagiza. Jamaa alisogea ukutani kama ulivyoagiza. Barua yako ilinishika mkono, Mungu akulipe. Lakini nilikuwa najua.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwahi kuniita nuru ya macho yake. Aliniita punda wa Ghalib. Siku niliyoondoka kwenda Karachi kutafuta kazi alisimama mlangoni akasema, "Nenda, punda, na ukipotea usije kuniuliza mimi njia." Barua zake zote zilizokuja kwa Msalaba Mwekundu zilikuwa na matusi. Wakaguzi walifuta majina ya miji na majina ya watu, matusi ya Mama wakayaacha, nikawa nayasoma mpaka nayajua kwa moyo. Halafu, baada ya Ramadhani ile, ikaja barua tamu kama asali. Nikaisoma mara moja, nikajua tumezika. Nikamswalia peke yangu pembeni, askari wakadhani ni sala ya siku zote. Na kwenye simu wakaniambia amelala! Mama, mchana, amelala.

Sikusema kitu. Nilidhani Taqiyya ndiye hawezi kumwacha, nikasema mwache amtunze Mama yake kwenye karatasi. Nilipokwambia asiyaoshe maneno, nilidhani ataelewa kwamba najua. Hakuelewa. Basi yeye ananificha, mimi namficha, na Profesa wenu katikati anamwapisha maiti. Ningefungua mdomo mwaka jana, hati ile isingeandikwa. [mistari mitatu imefutwa]. Msimlaumu yeye peke yake.

Mwambie aache kunibembeleza. Nimechoshwa na asali.

Murshid


Baltimore, 11 Juni 2010

Dada Taqiyya,

Nimeambatisha barua ya Murshid. Isome kwanza, ukae nayo, ndipo urudi kwenye hii.

Jaji ametoa uamuzi. Ametukatalia. Ushahidi wako mpya ameupokea na kuupima, akaona hauna uzito. Ameandika kwamba familia iliyoghushi kidole haitashindwa kughushi punda. Profesa alimwonyesha yale mahojiano ya zamani. Jaji akajibu kwamba mlikuwa na miaka minane ya kuwasiliana na kupatanisha maneno. Kwa barua zile zile, dada yangu, zenye wino mweusi! Nilitoka nje ya mahakama nikapiga teke pipa la taka, nikaumia kidole cha mguu, na sheria yote niliyosoma haikunisaidia kitu.

Tunakata rufaa. Itachukua mwaka, pengine zaidi. Nimehitimu mwezi uliopita na faili lilitakiwa lipewe mwanafunzi mwingine. Nimemwambia Profesa sitoki. Mama yangu amewaambia shangazi zangu ukweli, na mmoja wao haongei nami tena. Bahati nzuri si yule ninayempenda.

Mwandikie Murshid wewe mwenyewe. Nimekwisha kumwandikia vya kutosha, na mimi si dada yake.

Noreen


Ibb, 24 Juni 2010

Punda wa Ghalib,

Kwa hiyo ulijua. Miaka yote hiyo ulijua, na mimi hapa nakaa na kalamu nikitafuta maneno matamu, nikilia juu ya karatasi mpaka Hizam ananiletea nyingine! Ningekuwa karibu ningekuchapa na kiatu, kama yeye alivyokuwa anafanya, na ungekimbia kuzunguka nyumba ile ile.

Mama alikufa alfajiri, siku ya kumi na saba ya Ramadhani. Hakuteseka. Alikutukana mpaka mwisho. Alisema, "Punda yule hajarudi?" Mimi nikasema yuko njiani. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, mwingine wote ulizaliwa na huo. Amelala juu ya shamba la mtama, karibu na Baba. Mzee Qaid alimshusha. Nilikuwa nakuwekea habari hizi mpaka ufike mlangoni, na nilikwisha kuchagua wa kukushika: Hizam mkono wa kulia, Mzee Qaid wa kushoto. Mzee Qaid kila Ijumaa ananiuliza kama bado anahitajika. Namwambia bado.

Nimekuharibia kesi kwa mkono wangu. Najua. Noreen hakusema hivyo, lakini najua. Ukitaka kunitukana nitukane, usinyamaze tena.

Sitakuita nuru. Mvua zimeanza, na jana nilikwenda nyuma ya nyumba na ndoo. Ulipaka chokaa mara moja, punda wewe. Birika lako linavuja. Rudi nyumbani ulizibe.

Dada yako,
Taqiyya